Tumemjua Salma, Hatujamsoma

Ngoja nianze kwa kukiri kosa. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado mgeni kwenye chumba cha habari, nilipewa kazi ya kuandika wasifu mfupi wa wanawake watano kwa ajili ya Siku ya Wanawake. Mmoja wao alikuwa Salma, mwandishi wa Kitamil kutoka kusini mwa India. Nikaandika maneno kama mia tatu. Kichwa cha habari nilikitunga mwenyewe na nikajipongeza: "Mshairi wa Chooni." Mhariri alikipenda, watu wakakisambaza, na mimi nikajiona nimefika. Tatizo ni kwamba nilikuwa sijasoma hata ukurasa mmoja wa kitabu chochote cha Salma.

Aliyeniumbua ni mama yangu mdogo. Nilikwenda Tanga kumsalimia, nikamwonyesha ile makala kwenye simu nikitegemea sifa. Alisoma polepole, midomo ikicheza, kisha akavua miwani.

"Mwanangu, sasa huyu humo chooni alikuwa anaandika nini?"

"Mashairi, mama."

"Ya nini?"

"Ya... wanawake."

Akanirudishia simu yangu, akaendelea kuchambua mchele. Hakusema neno lingine na wala halikuhitajika. Makala haya ni jibu langu kwake, limechelewa sana, na ni jibu pia kwa yeyote aliyewahi kusikia habari za Salma akaishia kwenye kile choo.

Tuanze na maisha yake, kwa sababu yapo na hayakwepeki. Salma alizaliwa mwaka 1968 katika mji mdogo wa Thuvarankurichi, wilaya ya Tiruchirappalli, jimbo la Tamil Nadu. Nyumbani anaitwa Rajathi, na jina lake rasmi ni Rokkiah. Familia yake ni ya Waislamu wanaozungumza Kitamil. Alipofika umri wa miaka 13 aliachishwa shule na kuwekwa ndani, kama walivyowekwa wasichana wengine wa mji ule. Kilichomwokoa ni vitabu vya maktaba ya pale mjini, alivyokuwa akiletewa na kusoma dirishani. Alikataa kuolewa kwa muda mrefu, mpaka ugonjwa wa mama yake ukatumika kumlegeza. Akakubali.

Ukweni, kuandika kulikuwa marufuku. Akawa anaandika usiku wakati watu wamelala, chooni, amesimama, kwenye vipande vya karatasi ambavyo alivificha. Mama yake alipokuja kumtembelea aliondoka navyo kwa siri, vikafika kwa wachapishaji. Ndipo likazaliwa hili jina la kalamu, Salma, ili mumewe na mji mzima wasijue ni nani. Diwani yake ya kwanza ilitoka mwaka 2000, ya pili, Pachai Devathai, mwaka 2003. Riwaya yake kubwa, Irandaam Jaamangalin Kathai, ikafuata mwaka 2004.

Katikati ya hayo yakatokea mambo ambayo hata mtunzi wa filamu angeona haya kuyabuni. Mwaka 2001 kiti cha mwenyekiti wa halmashauri ya mji mdogo wa Ponnampatti, huko huko kwao, kilikuwa kimetengwa kwa ajili ya mwanamke, kwa sababu katiba ya India ilirekebishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ili angalau theluthi moja ya viti vya serikali za mitaa viwe vya wanawake. Mume wa Salma alikuwa na hamu ya siasa lakini kiti hakikumhusu. Akamsimamisha mkewe. Mke akashinda. Na yule mwanamke aliyefichwa miaka yote akawa sura yake iko kwenye mabango, na watu wakajua kuwa Rokkiah na Salma ni mtu mmoja. Mwaka 2006 aligombea ubunge wa jimbo akashindwa, baadaye akaongoza Bodi ya Ustawi wa Jamii ya Tamil Nadu, na mwaka 2025 akaingia Rajya Sabha, baraza la juu la Bunge la India. Kim Longinotto, mtengenezaji filamu wa Uingereza, alitengeneza filamu ya maisha yake iitwayo Salma, iliyotoka mwaka 2013.

Sasa unaona kwa nini mwandishi wa habari anashindwa kujizuia. Kuna giza mwanzo, mwanga mwisho, na choo katikati. Hadithi inajiandika yenyewe. Na hapo ndipo ulipo mtego, maana hadithi inayojiandika yenyewe inamfanya mwandishi halisi asiwe na kazi tena.

Hoja yangu ni fupi. Hadithi tunayoipenda kuhusu Salma ndiyo hadithi ambayo Salma mwenyewe, alipokaa kuandika riwaya, alikataa kuiandika. Irandaam Jaamangalin Kathai haina Salma ndani yake. Hakuna binti anayeandika mashairi kwa siri, akagunduliwa, akashinda uchaguzi. Alikuwa na mali hiyo mkononi, mali ambayo wachapishaji wa dunia nzima wangeigombania, akaiweka pembeni. Badala yake akatuandikia nyumba. Nyumba, na majirani, na jikoni, na uani, na wanawake wanaozungumza bila kukoma.

Riwaya hii nimeisoma kwa Kiingereza, katika tafsiri ya Lakshmi Holmström iliyochapishwa mwaka 2009 kwa jina The Hour Past Midnight. Holmström ndiye aliyewafungulia wasomaji wa nje mlango wa waandishi wengi wa Kitamil, akiwemo Ambai na Bama. Lakini jina la Kitamil lina kitu ambacho Kiingereza hakikukibeba vizuri. Jaamam ni kipande cha usiku, zamu ya usiku kama tungesema, na jina linazungumzia zamu za pili, kwa wingi: hadithi ya usiku mwingi, siyo ya saa moja. Sisi tuna usiku wa manane. Ningepewa nafasi ya kuitafsiri ningeiita Hadithi ya Nyakati za Manane, na nadhani msomaji wa Kiswahili angeelewa kabla hajafungua kitabu kwamba hapa yanazungumzwa yale ambayo mchana hayasemwi.

Katikati yupo Rabia, mtoto wa kike ambaye bado anaruhusiwa kucheza na kukimbia, lakini siku zake zinahesabika. Mama yake ni Zohra. Mke mwenza wa shemejiye, au tuseme mke wa ndugu wa mumewe, ni Rahima, na wanaishi nyumba moja kwa sababu waume zao, Kader na Karim, ni ndugu. Rahima ana binti, Wahida, anayeozwa kwa jamaa wa ukoo. Zohra ana mdogo wake, Firdaus, ambaye aliozwa kwa mwanaume asiyemtaka, akamkataa waziwazi, akapewa talaka, akarudishwa kwa mama yao, Amina. Kuna Mumtaz, kuna Nafisa, kuna Nuramma na binti yake Fatima, kuna Mariyayi. Niseme ukweli, kurasa hamsini za kwanza nilipotea. Ilibidi nichore nasaba nyuma ya daftari, nani shangazi wa nani, nani kaolewa na mtoto wa nani. Ukisoma, chora mapema. Ni udhaifu, sitaki kuuficha, na kuna sura ambazo mazungumzo yanazunguka mpaka unatamani mtu aingie na habari mpya.

Lakini baada ya muda nilianza kuelewa kwamba huko kupotea kuna maana yake. Mtu aliyezaliwa katika nyumba ile hahitaji kuelezwa nani ni nani. Kila mtu ni ndugu wa kila mtu, na kwa hiyo kila mtu ana haki ya kukuchunga. Katika kitabu hiki hakuna askari mlangoni wala mzee mkali mwenye bakora anayezunguka uani. Wanaume wengi wako kazini, wako dukani, wengine ng'ambo. Anayemwambia msichana asicheke kwa sauti ni shangazi yake. Anayehesabu siku zake ni mama. Anayeona dirisha liko wazi ni jirani, na ni jirani huyo huyo aliyekuja jana kusaidia kupika, na ambaye kesho mtalia naye msibani.

Makala yangu ya "Mshairi wa Chooni" ilikuwa na adui mmoja rahisi, mume. Riwaya inanyang'anya urahisi huo.

Tazama anavyopanga mambo. Karim ana mwanamke wa nje, Mariyayi, ambaye si wa dini yake, na habari hiyo inajulikana. Rahima anaijua. Mji unaijua. Inazungumzwa kama hali ya hewa. Kisha Fatima, mwanamke masikini, mtoto wa Nuramma, anatoroka na mwanaume wa dini ya Kihindu. Hapo wazee wa jamaa wanakutana, na moja ya maamuzi yanayotoka ni kwamba wanawake wa mji ule wapigwe marufuku kwenda sinema. Mmoja ametoroka, wote wananyimwa sinema. Salma haongezi neno lake hapo. Hatoi hotuba. Anaendelea na maisha ya nyumbani, na wewe msomaji unabaki umeshika mizani mkononi, upande huu Karim, upande ule Fatima, na hakuna anayekusaidia kuhesabu.

Kisha Firdaus. Huyu ni kijana, mzuri, ametalikiwa, na kwa sheria ya mji ule maisha yake yamekwisha kabla hayajaanza. Anapendana na jirani, Siva, ambaye naye ni wa dini ya Kihindu. Wanaonana usiku, katika zile zamu ambazo jina la kitabu linazitaja. Siri inajulikana. Na anayempa sumu si kaka wala wazee wa jamaa. Ni mama yake mzazi, Amina, mwanamke aliyeachwa mjane akiwa bado kijana, akaishi maisha yake yote bila doa machoni pa watu.

Nimesema mwisho wa Firdaus na sijuti, kwa sababu kitabu hiki hakisomwi kwa kutaka kujua nani atakufa. Kinasomwa kwa kutaka kujua mtu anafikaje pale. Na Salma anakufikisha kwa hatua ndogo ndogo za mapenzi. Amina anampenda binti yake. Hilo ndilo jambo la kutisha kuliko yote. Hakuna mahali anapochorwa kama shetani. Anachorwa kama mtu ambaye alilipa bei yote iliyotakiwa, miaka na miaka, na sasa binti anataka kuonyesha kwamba bei ile haikuwa lazima.

Turudi sasa kwenye maisha ya mwandishi, kwa sababu baada ya riwaya yanasomeka upya. Ni nani ugonjwa wake ulitumika kumfanya Salma akubali ndoa? Mama yake. Ni nani aliyebeba zile karatasi kwa siri mpaka zikafika kwa wachapishaji? Mama yake huyo huyo. Katika hadithi tunayoipenda, mama huyu ni mhusika wa pembeni, anatokea kubeba karatasi na kuondoka. Mimi kwenye makala yangu nilimpa nusu sentensi. Nikisoma riwaya naona ndiye aliyekuwa swali zima: mkono mmoja unafunga mlango, mkono mwingine unapitisha karatasi chini ya mlango huo huo, na ni mikono ya mtu mmoja. Salma angeweza kumwandikia kitabu cha shukrani au kitabu cha lawama. Akaandika kitabu ambamo kina mama wamejaa, na hakuna hata mmoja wa kumpa medali au wa kumtupia jiwe kwa amani ya moyo.

Wapo watakaosema: dada, unafunika mambo, hiki ni kitabu kuhusu Waislamu na ukandamizaji wao, basi. Nimekutana na usomaji wa namna hii, na unatoka pande mbili. Upande mmoja ni Waislamu wa kwao waliokasirika kwamba mambo ya ndani yameanikwa nje. Upande wa pili ni wale wanaofurahi yameanikwa, kwa sababu wana ugomvi wao na Uislamu. Pande zote mbili zinasoma kitabu kama ushahidi wa mahakamani. Lakini wasichana kutazamwa upya wanapovunja ungo si jambo la Waislamu peke yao kule Tamil Nadu. Familia za Kihindu za matabaka mbalimbali zina sherehe zao za kutangaza kwamba binti amekua, pamoja na masharti yanayofuata. Na sisi huku, ukisikia neno mwali, huhitaji kuulizia dini. Wazaramo walikuwa wakimweka mwali ndani muda mrefu, na shughuli ile ni ya mila kuliko ya msikiti.

Tena walioinuka dhidi ya Salma hawakuwa wa dini moja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, yeye pamoja na washairi wenzake Kutti Revathi, Malathi Maithri na Sukirtharani, wanawake wa asili na jamii tofauti kabisa, walishambuliwa hadharani kwa kuandika kuhusu miili yao. Mtunzi mmoja wa nyimbo za filamu alifikia kusema kwenye televisheni kwamba waandishi wa namna hiyo wapangwe barabarani Chennai, wamwagiwe mafuta ya taa na kuchomwa moto. Mwanaume mwenye riziki ya kuandika nyimbo za mapenzi zilizojaa viuno na vifua anaona mwanamke akitaja kifua chake mwenyewe ni uchafu. Mwaka 2012 Holmström aliwakusanya hao wanne katika kitabu kimoja cha tafsiri, Wild Girls, Wicked Words, na ukiwasoma pamoja unaona wazi kwamba hasira ile haikuwa ya msikiti wala ya hekalu. Ilikuwa hasira ya mtu aliyezoea kusimulia mwili ambao si wake.

Katika diwani ya kwanza ya Salma kuna shairi ambalo jina lake linakaribiana sana na la riwaya. Ni la mke usiku, baada ya kuzaa watoto, amelala na mume anayetafuta mwili wa zamani kwenye mwili uliobadilika, na kuuchukia kwa kubadilika kwake. Ni shairi la mtu mmoja, chumba kimoja. Nadhani riwaya ilizaliwa pale: mwandishi aligundua kuwa chumba kile kina vyumba jirani, na kila kimoja kina mwanamke aliye macho. Kutoka shairi la mmoja akaingia kwenye riwaya ya wengi. Safari hiyo ya kisanaa ndiyo wasifu wake hasa, ningekuwa naandika leo ningeanzia hapo.

Na wanacheka! Hili hakuna aliyeniambia kabla sijasoma. Wanawake wa Salma wanataniana kuhusu ngono kwa uwazi ambao ungemfanya mhariri wangu wa zamani atafute maji ya kunywa. Nani mume wake hajiwezi, nani anadai kila siku, nani alijifanya amelala. Mtu aliyewahi kukaa karibu na kungwi siku ya shughuli, au kusikia nyimbo za unyago kupitia ukutani kama nilivyosikia mimi nikiwa mdogo, ataijua hiyo hali mara moja. Nyumba yenye masharti makali kabisa kuhusu mwili ndiyo yenye utani mkali kabisa kuhusu mwili. Salma haweki kicheko hicho kama mapumziko kati ya machozi. Ni elimu. Mle ndani ya kicheko Rabia na wenzake wanaokota, vipande vipande, kile ambacho hakuna atakayewafundisha kwa uso mkavu.

Hapa msomaji wa pwani ana bahati kuliko msomaji wa London. Dunia ya nikaha, talaka, mahari, futari na msiba wa siku kadhaa haimhitaji mfasiri amweleze chini ya ukurasa. Anaingia kwa kupiga hodi tu. Lakini bahati hiyo ina bei, kwani msomaji wa London anaweza kusema "maskini wale." Sisi hatuwezi kusema wale.

Tuna ushairi wetu wa mama kumwambia binti jinsi ya kuishi na mume. Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na mwanamke wa Siu, kisiwani Pate, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya bintiye. Tulifundishwa chuoni kuusoma kwa njia mbili: ama ni utii mtupu, ama kuna kejeli imejificha. Nilipomaliza riwaya ya Salma niliurudia nikajikuta na njia ya tatu, ya mama anayejua anakufa, anayejua dunia itakavyomtendea mwanawe, na anampa zana pekee alizonazo. Amina wa Salma alikuwa na zana hizo hizo. Siku moja hazikutosha.

Siridhiki na kila kitu. Wanaume katika riwaya hii wengi ni vivuli. Ningependa kumjua Kader, kwa mfano, zaidi ya mtu anayerudi nyumbani akala. Unaweza kusema ndivyo wanavyoonekana kutoka jikoni, na ni kweli, lakini mwandishi mwenye uwezo wa kunifanya nimhurumie Amina angeweza kunipa mwanaume mmoja wa kunisumbua vivyo hivyo. Hata katika riwaya yake ya baadaye, iliyotafsiriwa na Meena Kandasamy kwa jina Women, Dreaming mwaka 2020, ambamo Mehar anadai talaka baada ya mumewe Hasan kuoa mke wa pili, huyo Hasan na ucha-Mungu wake mkali anabaki zaidi msimamo kuliko mtu. Riwaya hiyo ya pili ina hasira iliyo wazi zaidi, na kwangu mimi inapoteza kidogo. Salma ni mkali zaidi anapokaa kimya.

Nimalizie na deni langu la Tanga.

Mama yangu mdogo aliachishwa shule alipovunja ungo. Alikuwa anaongoza darasa. Aliyemwachisha ni bibi yangu, ambaye mimi nampenda kupita kiasi, aliyenilea, aliyeuza mihogo ili mimi, mjukuu, nifike chuo kikuu. Katika familia yetu hilo halisemwi. Tunasema "zamani mambo yalikuwa hivyo", tunaongeza sukari kwenye chai. Kwa hiyo Mama Mdogo hasomi Kiingereza, na kitabu cha Salma kiko kwenye lugha ambayo mlango wake ulifungwa siku ile.

Mwaka jana kila nilipokwenda nilibeba kile kitabu, na jioni tukiwa uani nilimsimulia, nikisoma Kiingereza kwa macho na kusema Kiswahili kwa mdomo. Ilituchukua ziara sita. Kwenye utani wa wanawake alicheka mpaka akajifunika uso kwa khanga. Majina yote aliyashika kuliko mimi na nasaba yangu ya daftari, nilipokosea alinisahihisha, "Hapana, huyo ni wifi yake." Tulipofika kwa Amina na sumu, sauti yangu ilianza kukwama. Nilitegemea angesema yule mama ni mnyama. Nilikuwa hata nimeandaa maelezo.

Alikaa muda. Adhana ya isha ilikuwa imeshapita. Kisha akauliza, "Na huyo Amina, alipokuwa msichana, nani alimfungia?"

Kitabu hakisemi. Nilimwambia hivyo.

"Angeandika na hiyo," akasema, akainuka kwenda kumtazama bibi, ambaye siku hizi haoni vizuri na hapendi kulala bila mtu wa kumshika mkono. Anayemshika kila usiku ni yeye.